Salamu Iliyogonga Mlingoti

Kazi ya Wasike ilikuwa kutembea kinyumenyume. Kwa miaka ishirini na tisa alitembea hivyo mbele ya ndege ndogo, mikono juu, kila mkono umeshika kibao chekundu, macho yake yamekazwa kwenye macho ya rubani. Kibao kimoja kikielekezwa chini, ndege inageukia upande huo. Vibao viwili vikipishana juu ya kichwa, ndege inasimama. Mke wake, Namalwa, husema kwamba hata nyumbani akiaga wageni hutoka hivyohivyo, akiwatazama usoni mpaka wapite mlangoni bila kugonga kitu.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya Kitengela. Wasike alipofika hapo kutoka Bungoma, ulikuwa nyikani kabisa. Asubuhi ilibidi mtu atangulie kufukuza nyumbu na pundamilia kabla ya ndege ya kwanza. Leo nyumbu hawako. Waliokatiwa njia ni wao kwanza, kwa nyua na mabango ya ploti, kisha zikaja nyumba za mawe, na sasa kuna jengo la ghorofa nne ambalo limekaribia kabisa ua wetu. Wapangaji wanaanika nguo kwenye vibaraza na kuwapungia mikono marubani. Mimi nilipampu mafuta pale miaka ishirini na mbili. Nimeyaona yote hayo yakija, na hakuna hata moja nililoulizwa.

Watu hudhani hatari ya ndege iko angani. Sikusoma zaidi ya darasa la sita, lakini vitabu vya marubani vilivyotupwa kwenye pipa la taka nilivisoma kimoja baada ya kingine, na ninajua ninachosema. Ndege ndogo ikiwa juu ni ndege. Ikiwa chini ni kitu cha ajabu tu. Ule usukani wa mkononi hauna kazi ardhini, maana ndege huongozwa kwa nyayo za miguu, kwa makanyagio mawili, na mguu ukikaza kidogo tu, pua inageuka. Na kila upande kuna bawa refu ambalo rubani hulisahau, kama mtu aliyebeba ngazi begani akakatiza sokoni. Ndege nyingi nilizoziona zikivunjika pale, siku Wasike hayupo zamuni, hazikuwa zimeruka hata futi moja. Zilikuwa zinatembea, na mwendeshaji alikuwa anaangalia kitu kingine.

Wasike alikuwa na sheria moja, na aliisema kwa kila mwanafunzi siku ya kwanza: "Simama, soma, ndio usogee." Ukitaka kusoma karatasi, simamisha ndege kwanza. Kubadilisha redio, vilevile. Kulikuwa na rubani mmoja wa zamani, mzee aliyekuwa akipeleka dawa hadi Rombo na kurudi, ambaye alikuwa anasimamisha ndege ili apige chafya. Tulicheka. Lakini yule mzee alistaafu na ndege yake haina mkwaruzo.

Baada yake walikuja wa siku hizi. Nimeona rubani akitembeza ndege huku anamenya ndizi. Nimeona mwingine akijipiga picha na abiria wake, wote wanne wametabasamu, na hakuna hata mmoja anayeangalia mbele. Wasike alikuwa akipishanisha vibao vyake, ndege inasimama kwa kishindo, na kijana anafungua dirisha.

"Sasa mzee, ni nini? Si nasogea tu?"

"Hiyo kusogea tu ndio inavunja watu."

"Ah, huyu mzee ako na stress."

Hawakumpenda, na Kiama, meneja wa shule ya urubani, alikuwa miongoni mwao. Kiama alikuja miaka mitatu iliyopita, kijana wa suti na kompyuta, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchora mstari wa njano kutoka maegeshoni hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Rubani afuate mstari, basi. "Mstari hauombi likizo," alisema mbele yetu sote, na kila mtu alijua anamwambia nani. Lakini hakuweza kumwondoa Wasike, kwa sababu moja tu: katika miaka yote hiyo hakuna bawa lililowahi kugusa kitu Wasike akiwa mbele yake. Hilo ndilo lililomweka pale. Alibakiza miezi saba astaafu, na alitaka kustaafu nalo. Hakutaka karamu wala saa ya ukutani, alitaka tu isemwe hivyo, na isemwe kwa ukweli.

Kati ya wanafunzi alikuwako msichana mmoja, Nasieku, kutoka upande wa Kajiado. Wasike alimpenda huyu kwa sababu ya miguu yake. "Ako na miguu ya akili," aliniambia. Nasieku alisimama, akasoma, ndipo akasogea. Simu yake ilizimwa kabla hajafungua mlango wa ndege. Kila asubuhi alimsalimia Wasike kwanza, mimi wa pili, kisha wengine, kwa mpangilio wa umri, jambo ambalo sikuwa nimeliona pale kwa miaka mingi, na sitanii nikisema lilinifanya niende kazini mapema.

Siku yake ya kuruka peke yake ilipangwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Saa tatu alifika babu yake, Mzee Sironka, ametoka Kajiado alfajiri, shuka jekundu, kofia ya sufu, rungu mkononi. Alikuja kumtazama mtoto wa mwanawe akiruka. Zamani angesimama nje ya ua na kuona uwanja mzima. Sasa nje ya ua ni ukuta wa ghorofa na matangi ya maji. Askari wa langoni alimwambia asubiri kwenye benchi pamoja na mchuuzi wa njugu.

Wasike alimwona. Sheria ni yake mwenyewe, yeye ndiye aliyepanga yale mawe meupe ambayo mtu wa nje hayavuki. Lakini mzee wa umri ule haachwi langoni. Alikwenda akamchukua, na kwa kuwa amekaa na Wamasai muda mrefu walisalimiana vizuri, bila haraka, mpaka wakafika kwenye watoto na mifugo. Kisha akampitisha nyuma ya tangi la mafuta, karibu na pampu yangu, akamsimamisha kando ya mlingoti unaobeba ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo.

"Mzee, simama hapa. Usitoke hapa."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi natembea mbele ya ndege. Nyuma nyuma."

Sironka alimtazama toka juu hadi chini. "Nyuma nyuma? Kama Mbukusu anatoroka mama mkwe?"

Tulicheka sote watatu, maana kwa Wabukusu, watu wa Wasike, mkwe humkwepa mama mkwe. Wasike alimkataza kuvuta tumbaku karibu na mafuta, akamkataza kuinua rungu, akamkataza kusogea hata hatua moja. Hakufikiria kumkataza kuonekana.

Mwalimu wa Nasieku alimpiga begani, akashuka kwenye ndege, akaenda kwenye chumba cha redio. Ndege ikaja, ile ya viti vinne, bawa lake liko juu ya kichwa cha mtu mrefu. Wasike alikuwa mbele anarudi nyuma, vibao juu. Nilimwona Nasieku kupitia kioo. Alikuwa anatazama nje, kulia, kushoto, mbele, kama alivyofundishwa. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Sikuona kosa.

Walipofika karibu na mlingoti, Mzee Sironka aliinua mkono. Hakuupunga kama wanavyopunga wale wa vibarazani. Aliunyoosha mbele, kiganja chini, kama mzee wa Kimasai anavyounyoosha mtoto anapomjia, ili amguse kichwani.

Na Nasieku akainama.

Aliinamisha kichwa chote, kidevu kifuani, kama alivyofundishwa kabla hajajua kusema. Mtu akiinama ameketi, mwili hujisukuma mbele na mguu hukaza. Mguu wake wa kulia ulikaza. Pua ya ndege ikageuka kulia, kuelekea mlingoti. Wasike alipishanisha vibao lakini hakukuwa na macho ya kuviona. Alipiga kelele, injini ikaimeza. Aliruka kando, akaanguka kwenye udongo, na propela ikapita pale alipokuwa amesimama. Ncha ya bawa ikagonga mlingoti, taa ikapasuka, mlingoti ukaenda chini na mfuko wake. Ndipo Nasieku akazima injini.

Sironka hakuwa amesogea. Aliambiwa asitoke, hakutoka. Bawa lilisimama juu ya kofia yake, na mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa.

Wasike aliinuka, hata vumbi hakujipangusa, akamshika mzee mkono, akamtoa kwa njia ileile ya nyuma ya tangi kabla watu hawajatoka ofisini. Kisha akarudi kwenye ndege. Nasieku alikuwa ameshashuka.

"Uliinama kwa nini?" Wasike alimuuliza. Sijawahi kumsikia akimfokea mtoto wa mtu namna ile. "Nimekufundisha nini mimi? Macho nje! Macho nje!"

"Sikuinama, baba," alisema. "Kichwa ndio kiliinama. Niliona mkono tu."

Kesho yake kulikuwa na kikao. Kamera ya ukutani ilikuwa imechukua kila kitu isipokuwa jambo lenyewe, maana tangi la mafuta lilimficha mzee. Kwenye picha unaona ndege inakuja vizuri, unaona kichwa cha msichana kinaanguka kifuani kwa sekunde mbili, unaona bawa linagonga. Kiama alirudia hapo mara tano.

"Hiyo ni simu," alisema. "Mtu anaangalia chini hivyo anasoma meseji."

Sheria ya shule ni kwamba mwanafunzi akishika simu ndege ikitembea, anafukuzwa siku hiyohiyo. Nasieku alisema simu ilikuwa imezimwa mfukoni. Kiama akamuuliza basi alikuwa anaangalia nini. Akajibu: "Niliangalia chini. Makosa ni yangu." Hakuongeza neno. Angewezaje? Kusema ukweli kungekuwa kumtaja babu yake kwenye kesi, mbele ya watu wa suti, kwamba ndiye aliyevunja ndege. Afadhali afukuzwe kwa simu ambayo hakuishika. Alipewa hadi Jumatatu alete maelezo kwa maandishi.

Kwa hiyo waliojua pale uwanjani walikuwa watatu: yeye, Wasike na mimi. Na mimi nilinyamaza. Nasema wazi, nilinyamaza, kwa kuwa sikuulizwa, na kwa kuwa nilimjua Kiama. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa Wasike kumshauri na yeye anyamaze.

Namalwa alituwekea chai na viazi vitamu. Wasike hakugusa.

"Miezi saba," nilimwambia. "Funga mdomo miezi saba."

"Mtoto anasemwa ameshika simu, na hakushika."

"Aliondoa macho nje. Simu ama babu, bawa limevunjika."

"Ni kweli," akasema Wasike. "Na mimi nikamleta mtu ndani. Nikamweka pale pale macho ya mtoto yanapita. Ningeweka hata mbuzi pale, Kiama angenifukuza, na angekuwa na haki."

"Basi kaa kimya."

Namalwa, aliyekuwa anamenya viazi, hakuinua uso. "Shemeji," aliniambia, "huyu mtu ametembea nyuma nyuma kwa hii nyumba tangu watoto wakiwa wadogo. Akistaafu na hiyo kitu tumboni nitaishi naye vipi?"

Niliondoka nimewakasirikia wote wawili.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika kwa jumla, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Miaka yote hii ninalalamika kwamba vijana hawasalimu. Wanakupita kama mti. Mtoto wa jirani yangu ananiita "buda", yaani mzee, bila kutoa vifaa vya muziki masikioni. Nimesema, nimeandika hata barua kwa magazeti ambazo hazikuchapishwa. Sasa anapatikana mmoja, mmoja tu katika uwanja mzima, ambaye heshima imemwingia mpaka kwenye uti wa mgongo, na heshima hiyohiyo inamwelekeza kwenye mlingoti. Nitamlaumu nani? Nimlaumu mzee kwa kunyoosha mkono? Mkono ule ulikuwa halali kwa mamia ya miaka. Haukuwa umekutana na kanyagio.

Jumatatu Wasike aliingia ofisini kwa Kiama akiwa amevaa koti. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa kwenye benchi nje na karatasi zangu za mafuta.

"Si simu," alisema. "Alimwinamia babu yake."

"Alifanya nini?"

"Alimwinamia. Kumsalimia. Mzee alinyoosha mkono, mtoto akampa kichwa."

"Ndani ya ndege?"

"Ndani ya ndege."

Kiama alicheka. Sidhani alicheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa kitu cha nchi nyingine. Na yeye ana babu yake Murang'a. Kisha akaacha kucheka. "Na huyo babu alikuwa wapi, Wasike?"

"Kando ya mlingoti."

"Ndani ya mawe?"

"Ndani ya mawe. Mimi ndio nilimweka."

Nilisikia Kiama akigeuza karatasi. Fomu ya ajali ina orodha ya vitu vinavyoweza kumpotezea rubani macho, na unatia alama kimoja: simu, redio, abiria, mnyama, hali ya hewa. Salamu haimo. Kiama alisoma orodha ile kwa sauti mara mbili, kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni, halafu akaandika pembeni kwa mkono wake: mtu asiyeruhusiwa, aliingizwa na mfanyakazi.

Ndivyo Mzee Sironka alivyoandikwa. Nasieku hakufukuzwa. Alirudishwa nyuma wiki tatu, kutembeza ndege tu, kwenda na kurudi, mwalimu kando yake, na wenzake walikuwa wakimwinamia kwa mzaha kila akipita. Wasike aliondolewa mbele ya ndege siku ileile. Vibao vyake viwili alivirudisha stoo akasaini. Walimpeleka langoni, kuinua na kushusha kile chuma kinachozuia magari. Mstari wa njano ukabaki peke yake, na Kiama akapata alichokitaka bila kutoa jasho.

"Umeona sasa?" nilimwambia langoni. "Ulipata nini?"

"Wacha, bwana," alisema. "Wacha tu."

Wiki ya nne Nasieku alipangiwa tena kuruka peke yake. Na Mzee Sironka akaja tena. Safari hii hakuna aliyemwingiza. Askari mpya wa langoni alikuwa Wasike mwenyewe, na alikuwa na amri ya maandishi. Alimsalimia mzee, wakaulizana habari zote, kisha akamwambia kwamba pale pembeni, kati ya ua na jengo la ghorofa, kuna uchochoro, na mtu akisimama kwenye uchochoro ule ndege inapita mbele yake hatua thelathini.

"Lakini mzee, nisikilize. Akipita, mgeuzie mgongo."

Sironka alidhani hakusikia. Wasike akarudia.

"Mimi nimgeuzie mgongo mtoto wa mtoto wangu?" Sauti yake ilipanda. "Mgongo unapewa mtu umemkana. Nimetoka Kajiado nimuonyeshe mgongo?"

"Asipoona uso wako, hana mtu wa kusalimia. Atatazama mbele."

"Nani amekufundisha hiyo maneno?"

"Hakuna mtu, mzee. Niliifikiria tu hapa langoni. Hapa kuna muda mwingi."

Sironka alipiga chini kwa rungu polepole. Kisha akaenda kuelekea uchochoroni. Wasike alinitazama mimi. Nilikuwa nimestaafu wiki iliyotangulia, nimekwenda tu kuchukua barua zangu, na sikuwa na kazi.

"Nenda uangalie," aliniambia. "Mimi siwezi kutoka hapa."

Nilikwenda. Uchochoro ule unanuka sabuni na mkojo. Mzee alikuwa amesimama uso wake umeelekea ukuta wa ghorofa, hatua moja kutoka kwenye bomba la maji machafu, mgongo wake na shuka lake jekundu vimeelekea uwanja. Mikono aliiweka mbele, yote miwili juu ya rungu. Injini ikasikika. Ndege ikaja kwenye mstari wa njano. Nilimwona Nasieku vizuri. Aliliona lile shuka, naapa aliliona, maana kichwa chake kilianza kuinama, kama kitu kilichovutwa kwa uzi. Kisha kikasimama. Akatazama mbele, kushoto, kulia, akapita.

Alifika mwisho, akasimama, akasoma, akasogea. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikapinda juu ya Kitengela.

"Imeenda?" mzee aliuliza ukuta.

"Imeenda, mzee."

"Naweza geuka?"

"Geuka."

Aligeuka, lakini paa la jengo lilikuwa limeshaificha. Tulisikia mlio tu. Alitazama juu kwenye kile kipande chembamba cha mbingu kati ya ukuta na ua, shingo imenyooka, mpaka mlio nao ukaisha.

Nilirudi langoni. Lori la maji lilikuwa linapiga honi na Wasike alikuwa hajaliinulia chuma.

"Alitazama nje?"

"Alitazama nje."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na bawa?"

"Halikugusa kitu, Wasike."

Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani. "We mzee wa geti, umelala? Watu wako na kazi!"

Wasike akainua chuma.